Waulizwe Wenyeji
Fundisho juu ya kupanga mahali pa viumbe, kijijini na mjini



Leo tutafuata maji ya mto. Mto huzaliwa mlimani, katika msitu wenye ukungu. Hushuka na kupita kati ya vijiji na mashamba. Hufika mjini, kati ya nyumba na soko. Mwishoni huingia ziwani. Mtu wa mlimani hamjui mtu wa mjini, wala mvuvi hajui jina la yule anayekata miti huko juu. Hata hivyo wote hutumia maji yale yale, na kosa la mmoja humfikia mwenzake, hata kama hawajaonana kamwe.

Jambo tutakalojifunza ni hili: watu hao wafanye shauri namna gani, ili miti na wanyama, ndege na samaki, nyuki na vyura wa nchi yao wasipotee, nao wenyewe wasikose shamba, kuni na kitoweo? Serikali ina wataalamu wake, na mashirika makubwa yana ramani zao. Lakini shauri lililofanywa bila wenyeji halidumu. Nitawaonyesha jambo hilo kwa habari zilizotokea kweli katika nchi yetu ya Kongo, katika Jimbo la Kivu ya Kusini: juu ya milima ya Itombwe, na katika mji wa Uvira ulio chini yake.

Viumbe vya Itombwe

Milima ya Itombwe husimama upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, pale ziwa linapoishia kaskazini. Kilele chake cha juu, kiitwacho Mohi, kina meta 3,475. Kwa sababu ya urefu huo, mtu apandaye kutoka bondeni hukuta kama nchi nyingi juu ya mlima mmoja: kwanza msitu wa joto wenye miti mirefu, kisha msitu wa baridi ambao miti yake imevaa ndevu za kijani, kisha mianzi, na huko juu kabisa majani ya malisho. Kila mahali pana viumbe vyake.

Huko wanaishi gorila wa namna iitwayo gorila wa Grauer, ambao hawapatikani penginepo duniani ila katika Kongo ya mashariki. Mwaka 2016 wataalamu waliwaandika katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Yuko pia chura mdogo mwenye kung'aa kama shaba, asiyejulikana mahali pengine popote. Tena yuko bundi mmoja wa ajabu. Wataalamu walimpata mara ya kwanza huko Itombwe mwaka 1951. Kisha ikapita miaka 45 bila wao kumshika mwingine, mpaka mwaka 1996 mwenzake mmoja aliponaswa katika wavu, akapimwa, akaachwa aruke zake.

Najua ya kuwa wengi wetu, tukisikia bundi usiku, tunafunga mlango kwa haraka. Watu walimwita ndege wa wachawi. Lakini bundi ni mwindaji wa panya, na mwenye ghala ya mahindi hatapata mlinzi mwingine asiyedai mshahara.

Ulizo. Mtu asiyekula chura wala bundi, ana faida gani viumbe vikiwa vya namna nyingi?

Jibu. Anakula matunda ya kazi yao. Nyuki huchukua unga wa ua hili na kuupeleka katika ua lile, na bila kazi hiyo boga halizai. Popo na ndege hula matunda na kuangusha mbegu mbali. Kwa namna hiyo msitu uliokatwa huota tena pasipo mtu kuupanda. Mizizi mirefu na mifupi, ya miti ya namna nyingi, huushika udongo. Majani yaliyooza chini ya miti hunywa mvua na kuitoa polepole, hata mto usikauke wakati wa kiangazi.

Ulizo. Je, haitoshi kupanda mti mmoja ulio mzuri, kama mkaratusi, juu ya mlima mzima?

Jibu. Mkaratusi hufaa kwa nguzo, kwa mbao na kwa kuni, kwa sababu hukua upesi, wala simzuii mtu kuupanda. Lakini hunywa maji mengi, na chini yake mimea michache tu huota. Tena, mwenye kutegemea mmea mmoja huangamia kwa ugonjwa mmoja. Kumbukeni mnyauko wa migomba. Katika Kongo ulionekana kwanza huko Masisi mwaka 2001, ukaenea katika Kivu, na mashamba mengi yakaoza. Familia iliyokuwa na migomba tu ililala njaa. Iliyokuwa na mihogo, maharage na viazi kando ya migomba ilipata cha kupika. Wingi wa namna za viumbe ni akiba. Mtu haoni faida yake mpaka siku ya shida.

Mpaka uliochorwa bila wenyewe

Tarehe 11 Oktoba 2006, waziri aliyekuwa na kazi ya mazingira na misitu alitia sahihi amri ya kuifanya Itombwe kuwa hifadhi. Nia yake ilikuwa kuwalinda gorila na msitu, na nia hiyo hatuilaumu. Lakini wakaaji wa milima hawakuulizwa. Katika mpaka uliowekwa mlikuwa na vijiji, mashamba, malisho ya ng'ombe, makaburi ya mababu, na mahali watu walipozoea kutafuta dawa na asali. Watu walisikia habari baada ya jambo kwisha. Wakaogopa ya kuwa watafukuzwa, nao wakakataa.

Hofu yao haikuwa bila sababu. Kaskazini mwao, si mbali na Bukavu, waliona mambo yaliyowapata wengine. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikiwa na kilometa za mraba 600. Mwaka 1975 ikapanuliwa hata ikafika 6,000. Batwa, waliokaa katika msitu ule tangu kale, waliondolewa bila kupewa nchi nyingine ya kuwatosha. Wakawa watu wa kukaa kando ya mashamba ya wengine, katika umaskini mkubwa. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni. Damu ikamwagika upande wao na upande wa walinzi, na miti mingi ikakatwa kwa kufanya makaa ya biashara. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ya kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao.

Angalieni hasara hiyo ilivyo ya pande zote. Watu walipoteza nchi yao, walinzi walipoteza uhai wao, na msitu wenyewe, uliotajwa kuwa sababu ya yote, haukupona.

Turudi Itombwe. Huko, baada ya watu kukataa, kazi ilianzwa upya kwa namna nyingine. Shirika la Serikali lenye kulinda hifadhi, ndilo ICCN, pamoja na WWF, WCS na vyama vya watu wa jimbo, wakaanza kuzunguka vijiji. Mabaraza yakafanyika. Watu wa vijiji wakataja mito na vilima ambavyo wazee huvijua kuwa mipaka, wakaonyesha wanapolima na wanapokusudia kulima watoto wao wakiongezeka. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, kwa kuwa njia za huko ni za miguu, na vita vilikuwa vikiingia na kutoka. Hata mwaka 2016 gavana wa jimbo akatia sahihi mpaka mpya, wenye kilometa za mraba 5,732. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Na ndani yake nchi haikuwa ya namna moja: pana sehemu ya kulindwa kabisa, pana sehemu ya kutumiwa kwa kiasi, na pana sehemu ya makao na mashamba.

Wako watu wanaosema kwamba hifadhi ilipata hasara, kwa sababu ilipunguzwa. Mimi sisemi hivyo. Mpaka mkubwa usiotiiwa na mtu ni wino juu ya karatasi, lakini mpaka mdogo unaojulikana na mwenye shamba, mwenye ng'ombe na mwenye mtego una walinzi katika kila nyumba. Na neno la kukumbuka sana ni hili: wenyeji walisema hapana, na mstari ukabadilika. Pale ambapo hapana ya watu haiwezi kubadilisha kitu, hapakuwa na kuuliza. Palikuwa na kutangaza tu.

Sisemi pia kwamba mambo ya Itombwe yamekwisha. Dhahabu huwavuta wachimbaji, nao huchafua mito. Wenye silaha huingia msituni na kula wanyama. Wakulima na wafugaji hugombania malisho, na ugomvi huo mara nyingi umegeuka vita. Ramani nzuri haiondoi bunduki. Lakini siku ya amani ikifika, watu wenye mpaka waliokubaliana hawaanzi tena mwanzo.

Maji yanapofika mjini

Sasa tushuke Uvira. Mji huu umebanwa kati ya milima na ziwa. Ardhi ya kujenga ni ukanda mwembamba, na mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira hushuka kwa kasi kutoka milimani na kuukata mji kabla ya kuingia Tanganyika.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha. Mulongwe ukapasua kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka, na madaraja yakachukuliwa na maji. Sababu hazikuwa moja. Mvua yenyewe ilikuwa kali. Miteremko ni mikali. Huko juu miti imekatwa kwa mashamba, kuni na makaa, hata udongo hauna cha kuushika. Na huko chini watu wengi walikuwa wamejenga katika njia ya maji, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa bei wanayoiweza. Mkimbizi aliyekuja kutoka milimani akiikimbia vita hununua kiwanja anachokiweza, na kiwanja cha bei ndogo ndicho kilicho karibu na mto.

Wengine hudhani ya kuwa mjini si mahali pa viumbe, na kwamba habari za wanyama na miti ni za watu wa porini. Si kweli. Tembeeni katika mji wowote wetu na kutazama. Pana ukingo wa mto, wenye matete, vyura na ndege. Pana miti mikubwa katika uwanja wa shule, wa misheni na wa makaburi, ambamo popo hulala na nyuki hukaa. Pana bustani za mama zetu, zenye mboga ambazo haziuzwi tena dukani. Na katika Uvira liko ziwa. Tanganyika ina samaki wa namna mamia, na wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani. Wengi wa samaki hao wadogo wenye rangi huishi na kuzaa kati ya mawe ya pwani. Udongo unaoshuka na mito huyafunika mawe hayo. Matete ya midomo ya mito ndiyo maficho ya watoto wa samaki. Yakikatwa yote ili kupata viwanja, watoto hao hukosa pa kujificha. Kwa hiyo mvuvi wa ndagala na mikeke ana neno la kusema juu ya mlima, ingawa hajawahi kuupanda.

Tusisahau kiboko. Kuanzia mdomo wa Ruzizi na kando ya ziwa, viboko hutoka majini usiku kula majani, nao huua watu. Mtu aliyempoteza ndugu kwa kiboko hatasikiliza maneno matamu juu ya uzuri wa wanyama, wala hafai kulazimishwa kuyasikiliza. Lakini kiboko hufuata njia zake zile zile. Wavuvi na wachota maji huzijua. Mji ukiziandika njia hizo na kuacha kujenga juu yake, na mahali pa kuchota maji pakichaguliwa mbali nazo, watu wataokoka na kiboko naye ataishi. Wenye kujua hayo hawamo ofisini.

Namna ya kufanya baraza

Ni nani mwenyeji? Kijijini tunadhani jibu ni rahisi: mwami na wazee wake. Hao ni wa kwanza, na haifai kuwaruka. Lakini baraza la wanaume wenye viti tu lina jicho moja. Mama anayekata kuni anajua msitu umerudi nyuma kiasi gani, maana anauhesabu kwa miguu yake kila juma. Mtoto anayechunga mbuzi anajua chemchemi iliyokauka. Mtwa anajua miti ya dawa ambayo sisi wengine hatuna hata majina yake. Mjini hali ni ngumu zaidi. Wako mkuu wa mtaa na nyumbakumi, lakini wako pia wavuvi, wafyatua matofali, mama wauza makaa, wapangaji na wakimbizi. Mpangaji hana hati ya kiwanja; hata hivyo, maji yakija, nyumba anayolala ndiyo itakayojaa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliandika ya kuwa watu wa mahali wapewe nafasi ya pekee katika mashauri ya namna hii, kwa sababu wao hufikiri maisha yao na ya watoto wao, si faida ya siku moja tu.

Sasa kazi yenyewe. Chagueni uwanja mkavu, mahali ambapo kila mtu hupita bila kuomba ruhusa. Mmoja achore mto kwa majivu. Wengine waweke mawe palipo na nyumba, majani mabichi palipo na msitu, majani makavu palipokatwa, punje za mahindi palipo na mashamba. Msianze na mwenye kalamu. Akianza kuandika, wasiojua kusoma watanyamaza, na hao mara nyingi ndio wanaoijua nchi kuliko wote. Watu wakikosana juu ya mahali pa jiwe, waacheni wakosane. Majivu hufutika kwa mkono, na ugomvi uliomalizika hapo hautarudi tena na panga shambani.

Mchoro ukiwa tayari, ulizeni juu ya wakati uliopita. Miaka ishirini iliyopita mto ulipita wapi? Ndege gani hasikiki tena asubuhi? Samaki gani anavuliwa akiwa mdogo kuliko zamani? Dawa gani inafuatwa mbali? Wawindaji wataogopa kusema, kwa kuwa wanadhani wataadhibiwa. Basi mwindaji asiulizwe aliua nini. Aulizwe anaona nyayo wapi. Wanawake nao huenda wasinene mbele ya wakwe zao. Wapewe baraza lao na mchoro wao, kisha michoro miwili iwekwe pamoja. Mtashangaa jinsi visivyofanana.

Baada ya hapo ndipo wataalamu waje na vipimo vyao, na kunakili mchoro juu ya karatasi. Mtaalamu ana kazi yake: anajua mteremko gani utaporomoka, na mti gani unazaa mbegu upesi. Asidharauliwe. Ila aje akiwa na masikio.

Nataka kusema neno moja juu ya mikutano tuliyoizoea. Wageni hufika na ramani iliyokwisha kutiwa rangi. Hotuba husomwa, watu hupewa chakula na nauli, kisha karatasi huzungushwa ili kila mtu aandike jina lake. Mwezi wa pili inasemwa kwamba kijiji kilikubali. Ndugu zangu, sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali. Kabla ya kuandika jina, ulizeni karatasi hiyo ni ya nini, na isomwe yote kwa lugha mnayoisikia.

Tena pana jambo ambalo mabaraza mengi hulikwepa: mipango yote ina mtu wa kupoteza. Mkisema ukingo wa mto usilimwe, yuko baba mmoja ambaye shamba lake ni huo ukingo. Mkisema makaa yasichomwe mlimani, yuko mjane anayelipa karo ya watoto kwa makaa. Watu hao waitwe kwa majina yao, na shauri lao lifanywe kwanza: shamba la badala liko wapi, na nani analitoa? Msitu upi wa kuni utapandwa karibu, na mama huyo atapikia nini kabla miti haijakua? Wasipopata jibu watakubali kwa mdomo, kisha watarudi usiku na shoka. Nami siwezi kuwahukumu sana.

Sheria inavyosema

Wengi hudhani kwamba msitu wote ni wa Serikali na kwamba mwanakijiji hana la kusema. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 yasema kwamba jamii ya mahali, ikiomba, yaweza kupewa kwa hati msitu inaoushika kwa mila. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ilieleza namna ya kuuomba: msitu huo usipite hektari 50,000, na ukipewa umepewa kwa siku zote. Mwaka 2016 ikafuata amri nyingine juu ya kuutunza: jamii iwe na mkutano wake mkuu, halmashauri ya kuongoza, halmashauri ya kukagua, na baraza la wazee wenye hekima la kuamua magomvi, tena iandike mpango mwepesi wa kuonyesha palipo pa kulinda, pa kukata na pa kulima. Kwa Batwa na ndugu zao wa misitu ipo pia sheria ya tarehe 15 Julai 2022, yenye kulinda haki zao.

Barua hizo ni nyingi, na safari za ofisini huchosha. Mara kwa mara kijiji huhitaji chama cha kukisaidia. Chagueni msaidizi anayewaachia nakala ya kila karatasi. Anayezichukua zote mjini na kusema atazileta baadaye, mwogopeni kidogo.

Mji hauwezi kuomba msitu wa namna hiyo. Lakini mtaa waweza kukubaliana juu ya ukingo wa mto wake: upana gani uachwe, upandwe mianzi na miti ya kienyeji, nani atunze miche wakati wa kiangazi, takataka zitupwe wapi zisiingie mferejini, na adhabu ya mwenye kuvunja neno iwe nini. Mkuu wa mtaa aulete mkataba huo kwa meya, ili mwenye kiwanja kipya asipewe hati juu ya mahali palipoachwa. Hapo ndipo mikataba mingi ya mitaa hufia: watu wanapanda mianzi, na ofisi inauza kiwanja.

Mpango ukikwisha kuandikwa, zifanywe nakala tatu: moja ikae kwa mwami au mkuu wa mtaa, moja shuleni, moja katika ofisi ya mazingira. Kila mwaka mwezi wa Agosti, kabla ya mvua na kabla ya kupanda, usomwe tena kwa sauti mbele ya wote, na yaliyoshindikana yabadilishwe.

Maulizo ya kuzungumza katika mkutano wenu

Mto wenu huzaliwa wapi, na ni nani anayekaa huko juu? Mmekwisha kuzungumza naye?

Tajeni viumbe vitatu ambavyo wazee wenu walivijua na ninyi hamvioni tena. Viliondoka kwa sababu gani?

Kama ukingo wa mto wenu ungeachwa bila kulimwa, nani angepoteza, naye angepewa nini?

Choreni mto wenu chini kwa majivu. Mkimaliza, hesabuni: ni wanawake wangapi walioshika majivu, na ni jirani gani hakuitwa?